Matanga Yaliyozuia Bomu

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimeshaulizwa mara tatu na watu waliovaa suti nyeusi kwenye jua kali, na mara zote tatu nimejibu hivyohivyo: haipo, waheshimiwa, na hata kama ingekuwapo isingekuwa hii yetu. Wakaandika, wakaondoka. Basi tuendelee.

Katika nchi hiyo isiyokuwapo nilikuwa Karani wa Vifo na Matanga, Daraja la Tatu. Daraja la Kwanza na la Pili hayakuwa na watu. Yalikuwa yanasubiri kibali. Kazi yangu ilikuwa kuandika nani amekufa, wapi, na matanga yake yanakaliwa na nani. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa na uzito, kwa sababu ya Sheria ya Mama.

Mama yake Mtukufu Kiongozi alipofariki, siku ya pili ya matanga jirani mmoja alifungulia redio, na redio ilikuwa inatangaza mpira. Mtukufu aliumia sana, hasa kwa kuwa timu yake ilikuwa inafungwa. Kesho yake ikatoka sheria ya kurasa mbili: popote palipo na matanga, ndani ya mwendo wa siku nzima kwa miguu, kusiwe na mshindo unaozidi ule wa kifuniko cha sufuria kilichoanguka sakafuni, mpaka tanga lianuliwe. Sheria ikapewa jina la marehemu. Tangu hapo hakuna waziri wala mbunge aliyethubutu kugusa hata nukta yake, maana nani atasimama bungeni aseme mama wa Mtukufu ana kasoro kwenye kifungu cha pili?

Mimi mwenyewe sikuwahi kuisoma. Ilikuwa imefungiwa kabatini, na ufunguo alitakiwa kukaa nao mtu wa Daraja la Kwanza.

*

Sasa wakaja Wakubwa. Ulimwenguni kuna Wakubwa watano au sita, na kila Mkubwa ana bomu ambalo hapati usingizi bila kuhakikisha kwamba bado linafanya kazi. Kuhakikisha ni lazima alilipue. Na hawezi kulilipua kwake, kwa sababu kwake kuna watu.

Waziri wetu wa Sayansi, Mishindo na Mialiko ya Kimataifa, Mheshimiwa Lugoda Mabruki, akawaonyesha Bonde la Chumvi. Akawahakikishia kwamba ni tupu. Mtu mmoja alipomkumbusha kuwa bondeni kuna watu arobaini na watatu, Mheshimiwa alifafanua kwamba kitaalamu watu wasiofika hamsini huhesabiwa kama sehemu ya mandhari. Kwa ukarimu huo tulipewa saa kubwa ya mnara na jiko dogo la nyuklia, ambalo wataalamu wetu, kwa kukosa la kulifanyia, walikuwa wanachemshia chai ya wizara.

Bomu la kwanza lililipuliwa hewani, Jumanne asubuhi. Wenyeji walikuwa wametangaziwa wafumbe macho, nao wakafumba. Walipofumbua, kitu cheupe kilikuwa kinaanguka kutoka mbinguni, laini, taratibu, kwenye mapaa na kwenye majaruba.

Ndugu yangu, hao ni watu wa chumvi. Tangu mababu zao wanachota maji ya chumvi kisimani, wanayamwaga kwenye majaruba na kuyaanika, wanainama juani wiki nzima wakisubiri ukoko mweupe wa kujaza kikapu kimoja. Leo mbingu inawamwagia weupe bure. Ungewaambia nini? Walifagia. Aliyefagia kuliko wote alikuwa Bwana Shomvi, mume wa Bi Kidawa. Alijaza vikapu kumi na moja, akaonja kwa ncha ya ulimi kama fundi wa chumvi anavyoonja, akasema ukali wake ni mdogo lakini kwa samaki itafaa.

Hakumaliza miezi minne. Daktari wa serikali aliandika sababu ya kifo: uzembe wa ulimi. Mimi nikanakili.

*

Nilikwenda bondeni siku ya tatu ya matanga kuandikisha. Nilimkuta Bi Kidawa amekaa kwenye mkeka aliousuka mwenyewe kwa ajili ya harusi yake, amejitanda kaniki. Kwa desturi ya kule mfiwa anaweza kuinuka kwa ajili ya swala, haja, na chungu kilichoko jikoni. Ilimradi mkeka umebaki umetandikwa, matanga yapo. Nje king'ora cha Wakubwa kilikuwa kinajaribiwa, kwa maana kesho yake kulikuwa na bomu la pili.

Nikampa pole. Akaipokea. Kisha akaniuliza:

"Karani, ile sheria ya redio inalihusu na hilo?"

"Lipi, Bibi?"

"Hilo la kesho."

Nikamwambia sheria inataja kifuniko cha sufuria.

"Sasa bomu na kifuniko, kipi kina kelele zaidi?"

Nilimjibu kwa uaminifu kwamba ofisi yangu haijawahi kuvilinganisha.

"Basi kavilinganishe, mwanangu. Mimi nipo hapa."

Niliandika barua. Barua ilipanda ngazi zote za wizara, na katika kila ngazi alikuwapo mtu ambaye hakutaka jina lake lisomeke kuwa ndilo lililomkosea heshima mama wa Mtukufu. Bomu likaahirishwa. Jenerali wa Wakubwa, nilivyosimuliwa, alikaa kitako juu ya sanduku lake. Alisema wamewahi kusihiwa na wanasayansi, maaskofu, na kina mama elfu kumi waliotembea kwa miguu mpaka langoni, na hawakuahirisha hata saa moja. Akauliza huyu Daraja la Tatu ni nani.

Waziri Lugoda naye hakulala. Akatoa waraka: matanga yote nchini yatakuwa ya siku arobaini, ya arobaini na moja ni siku ya kazi. Na sisi makarani, kama unavyojua, sheria hatuisomi, tunasoma waraka.

Siku ya thelathini na nane akanijia mchukuzi wa chumvi aitwaye Mzee Fumo Kitwana, mtu wa utani mwingi na punda mmoja.

"Karani, niandike mimi."

"Nikuandike nini, Mzee?"

"Nimekufa."

"Mbona naona uko mzima?"

"Wewe andika. Kuona si kazi ya ofisi yako."

Nilifungua fomu nikaisoma juu mpaka chini. Iliuliza jina la marehemu, jina la mfiwa na idadi ya sufuria zitakazotumika. Haikuuliza popote kama marehemu amekufa kweli. Nikaandika. Mfiwa: Bi Kidawa, jirani. Kwenye matanga yake Mzee Fumo alikaa pembeni na sahani ya pilau, akalalamika kwamba nyama ni chache kwa mtu wa hadhi yake, na kwamba aliyesoma wasifu amemsahau punda.

Siku arobaini nyingine.

*

Ukawa ndio utaratibu. Linatangazwa bomu, anakufa mtu. Walikufa kwa zamu, kwa orodha, bila kugombana. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyeomba kusogezwa mbele ya shemeji yake. Bi Kidawa peke yake hakuandikwa, kwa sababu kila matanga yanataka mfiwa, na wote walikubaliana kuwa yeye ameshauzoea mkeka.

Mbali huko, kwenye mji mmoja wenye ziwa na mabata, dunia nayo ilikuwa imeanza mazungumzo ya kupiga marufuku majaribio. Yalidumu miaka. Siku moja Waziri Lugoda akashuka bondeni na bendi kutangaza ushindi. Kwa kuheshimu Sheria ya Mama, tarumbeta zilikuwa zimejazwa pamba. Mheshimiwa alisema leo ubinadamu umeshika hatamu za hatima yake, akasema tena, kisha akaruhusu swali moja.

Bi Kidawa aliuliza kutoka mkekani. "Mheshimiwa, kwa hiyo juu mmeacha?"

"Kabisa, mama. Hewani, baharini, na kule mbali kwenye nyota."

"Na chini?"

"Chini, mama, hakukutajwa."

"Mume wangu yuko chini."

Mheshimiwa alitazama saa yake. Bendi ikapuliza pamba.

Tangu siku hiyo Wakubwa wakaanza kuchimba. Mkekani kwa Bi Kidawa wakaleta mashine ya kupima mtetemo, ya sindano na karatasi, ili ijulikane kama mshindo wa ardhini unazidi kifuniko. Kifuniko cha kulinganishia kilichaguliwa na jopo la wataalamu saba, na mpaka leo kimehifadhiwa wizarani ndani ya kioo. Mimi nilipelekwa mafunzo ya wiki mbili, nikawa Karani wa Vifo, Matanga na Sindano. Daraja lilibaki lilelile.

Baadaye ukaja mkataba wa pili, wa vipimo. Wakubwa waliapa kwamba hawatalipua bomu linalozidi ukubwa fulani, na ukubwa huo walikuwa wameshauchoka tangu zamani. Wizara yetu, isipitwe, ikaunda Kamati ya Uhakiki wa Majonzi. Wakaguzi sita wakaja bondeni na madaftari. Mmoja wao, mgeni, aliomba kumwona marehemu. Alipelekwa kwa Mzee Fumo, aliyekuwa amelazwa chini ya shuka, akapiga chafya mbili. Mkaguzi aliandika: marehemu ana mafua, apewe dawa. Na kwa kuwa kule hakuna anayeingia kwenye matanga akatoka bila kula, wakaguzi walikula siku tisa. Ripoti ilisema majonzi yapo, ni ya kweli, na bizari yake imekolea.

Ungedhani tulikuwa tumewashinda. Mimi nilidhani.

Mara moja walituwahi. Nililazwa kwa malaria siku tano, na katika siku hizo tano matanga ya mtu mmoja yaliisha na ya mwingine hayakuandikwa. Mwandishi nilikuwa mimi peke yangu. Waliikuta nafasi wakaitumia. Niliporudi, sindano ilikuwa imetoka nje ya karatasi na kuchora juu ya meza. Kisima kilikuwa kimepasuka, nyumba tatu zimeanguka. Walikufa wanne. Nilifungua daftari kuwaandika nikakuta wameshaandikwa wote, kwa mkono wangu, miaka ya nyuma. Fomu haina nafasi ya kufa mara ya pili.

Nikalifunga daftari. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililonichosha.

*

Mwishowe ukaja mkataba mkubwa kuliko yote. Ulipiga marufuku kila bomu, popote, dogo kwa kubwa, milele. Kulikuwa na sharti moja tu dogo: utaanza kutumika siku ambayo kila nchi yenye jiko la nyuklia itakuwa imeuridhia. Na sisi, kwa ajili ya chai ya wizara, tukawa mojawapo.

Utafikiri ni jambo jepesi. Nchi ya kwanza ilisema haitaridhia mpaka ya pili iridhie. Ya pili ilisema inamheshimu sana jirani yake, kwa hiyo haiwezi kumtangulia. Jirani alisema yeye hajakataa, ila kalamu yake iko kwa fundi. Jumba refu likajengwa, likawekwa mashine za kusikiliza ardhi yote, na watu wa kuzisikiliza, na watu wa kuwasikiliza hao. Kila mwaka wakakata keki ya siku ya kuzaliwa ya mkataba ambao bado haujazaliwa.

Waziri Lugoda, mzee sasa, aliulizwa lini sisi tutaridhia. Akajibu kwa busara kwamba serikali haiwezi kuwakinga wananchi kabla ya kujua ni wangapi. Akaagiza daftari langu.

Hapo ndipo tulipojiona tulivyokuwa tumejifunga. Mheshimiwa alipitisha kidole ukurasa kwa ukurasa. Bwana Shomvi, marehemu. Fumo Kitwana, marehemu. Wote arobaini waliofuata, marehemu, kila mmoja na muhuri wangu. Watoto waliozaliwa baadaye hawakuwamo, kwa kuwa ofisi haiwezi kuandikisha mtoto wa marehemu wawili. Zahanati ilikuwa imeshaanza kuwarudisha: ikifika zamu yako, unaambiwa jina lako limo kwenye orodha ya waliokwisha kuzikwa, pisha wagonjwa.

"Karani," Waziri aliniambia, na kwa mara ya kwanza alitabasamu kwa meno yote, "kwa mujibu wako wewe, bondeni kuna mtu mmoja."

Na Wakubwa, akasema, wanaomba bomu moja tu la mwisho, kabla mkataba haujaanza. Mtu mmoja si kikwazo. Ataanua tanga lake, atapewa chumba mjini, na bonde litakuwa tupu kama alivyosema yeye tangu mwanzo.

*

Tulikwenda siku ya arobaini na moja ya marehemu wa mwisho. Mheshimiwa alitaka sherehe iwe na adabu, kwa hiyo alikuja na Sheria ya Mama yenyewe, ile ya kabatini. Walikuwa wamevunja kufuli. Ilikuwa kwenye fremu ya dhahabu. Marehemu wote walikuja kutazama, na wajukuu zao. Jenerali wa Wakubwa alisubiri pembeni na mitambo ya kuchimbia.

Bi Kidawa alikuwa mkekani. Mkeka ulikuwa umechakaa mpaka katikati ulionekana udongo. Mheshimiwa alimwita dada, akamsifu kwa uvumilivu, akamwambia taifa linamwomba sasa aukunje.

"Bado sijamaliza," akasema Bi Kidawa.

"Marehemu wa mwisho ametimiza arobaini, dada yangu."

"Huyo amemaliza. Yule pale, anakula muhogo. Mimi namlilia Shomvi."

"Shomvi ana zaidi ya miaka thelathini."

"Na mimi nimeihesabu."

Mheshimiwa alikosa subira kidogo. Akanipa fremu niisome kwa sauti, maana kusoma ni kazi ya karani, na miwani yake aliiacha garini. Nikasimama mbele ya marehemu arobaini kasoro, nikasoma. Kifungu cha kwanza kilikuwa cha redio. Cha pili nilikianza kwa sauti ya kiofisi, na nilipofika katikati nikaanza kusoma polepole:

"Nalo tanga litaanuliwa na mfiwa mwenyewe, kwa mkono wake, siku moyo wake utakapotua, wala hakuna mwenye mamlaka ya kumhesabia siku."

Siku arobaini zilikuwa za waraka. Miaka yote hiyo tuliwaua watu wazima mmoja mmoja, kwa muhuri, na kumbe mkeka mmoja ulikuwa unatosha. Mzee Fumo, aliyekuwa ameshika kamba ya punda wa tatu tangu yule wa kwanza, alinisogelea.

"Karani," akasema, "kwa hiyo mimi nilikufa bure?"

Waziri aliniagiza nisome tena, pengine sikusoma vizuri. Nikasoma tena, polepole zaidi. Jenerali wa Wakubwa aliuliza kwani sheria haiwezi kubadilishwa, na maofisa wetu wote wakaanza kuangalia viatu vyao, kwa kuwa picha ya marehemu mama ilikuwa kwenye kona ya fremu, inawatazama.

Wakaondoka na mitambo yao. Kesho yake nikapewa barua ya kustaafu kwa manufaa ya umma.

*

Hiyo ni miaka mingi iliyopita. Jumba refu bado linakata keki. Wakubwa wengine wamejaribu mabomu yao kwingine, na mashine za kusikiliza zilisikia vizuri sana. Wengine wanasema hawajaribu tena, wanahesabu kwenye kompyuta, lakini mashimo yao wanayafagia kila wiki. Sisi hatujaridhia, tunasubiri jirani. Kwenye ramani nzima ya nchi hiyo isiyokuwapo, mahali pekee ambapo bomu limekatazwa kweli ni kwenye mwendo wa siku moja kuuzunguka mkeka wa Bi Kidawa.

Mwezi uliopita aliniita. Nilimkuta amekonda, anapumua kwa kuhesabu. Nje, kwenye kivuli cha gari, alikaa ofisa kijana wa wizara na kiti cha kukunja; anakaa hapo kila siku, anasubiri mkeka ubaki bila mtu. Mkeka ukikosa mfiwa, serikali inaukunja.

Bi Kidawa alinieleza kwa ufupi. Alishajaribu kuwarithisha majirani. Wizara imekataa: wote ni marehemu, na marehemu hafiwi. Wajukuu hawamo daftarini. Anatakiwa mtu aliye hai kwa maandishi.

"Wewe uko hai, Karani?"

"Kadi ya kustaafu inasema hivyo, Bibi."

"Lakini mkeka haukaliwi na asiyefiwa. Wewe umefiwa na nani?"

Nilitaka kusema utani. Ndiyo ilivyo desturi yangu. Nikafikiria siku tano za malaria, na daftari nililolifunga, na wale wanne.

"Watu arobaini na mmoja," nikasema. "Niliwaandika mwenyewe. Wanne walipokufa kweli sikuwaandika."

Alinitazama kama anavyotazama chumvi, kujua imekauka au bado. Kisha akasogea upande mmoja wa mkeka.

"Vua viatu."

Nikavua, nikakaa. Mkeka umeliwa na miaka, udongo unachoma. Bi Kidawa alishika bega langu, akainuka, akasimama kidogo mlangoni kuzoea mwanga, halafu akatoka, polepole, kuelekea majaruba, kuona kama kuna chumvi.

Yule ofisa alisimama kumfuata kwa macho, akarudi kutazama ndani, akaniona. Akakaa tena kwenye kiti chake. Ni kijana mwenye adabu, ameniamkia. Nimemwambia asubirie ndani, kuna pilau.